Neno la Ziada kwenye Baiskeli ya Obeid

Kamaludin bin Amini, sonara wa mtaa wa Langoni, hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa yatakayofuata yatamfanya aonekane vingine. Kazi aliirithi kwa babake, na kazi yenyewe haikuwa kufua fedha kuwa vikuku na furungu tu. Kilichomvimbisha kichwa kilikuwa khati, mwandiko wa Kiarabu wa kupamba. Ungempa kijiti cha wanja kisichozidi urefu wa kidole, angekuandikia jina lako, la babako na la babu yako, na bado ikabaki nafasi ya dua. Watu wa Lamu walimletea mabuli ya kahawa, vipini vya majambia na vitasa vya masanduku. Kila akimaliza alikishika kitu mbali na macho, akainamisha shingo, akajisifu mwenyewe kabla mteja hajafungua kinywa.

Mkewe, Swafiya, alikuwa na utani wake juu ya jambo hilo. "Wewe wakikuzika na kalamu," alikuwa akimwambia, "hata mtwa wa kaburini utamtia ina." Kamaludin akicheka, kwa kuwa alijua ni kweli, hata mchwa hangemwacha bila jina.

Mwaka wa 1911 baiskeli za Lamu zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mabibi wazee waliziita punda wa chuma, na watu wazima na akili zao walisimama milangoni kuzitazama zikipita. Moja ilikuwa ya Abdulghafur, karani wa forodha, kijana wa watu aliyejipenda sana, aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Ijumaa moja aliiegemeza kwenye ukuta wa msikiti akaingia kusali. Alipotoka, ukuta ulikuwepo.

Miezi miwili baadaye ilionekana Siyu, kisiwani Pate, imepakwa rangi ya kijani ya mashua. Aliyekuwa nayo ni Husseini, fundi wa viatu vya ngozi, mtu wa heshima zake, aliyeinunua kwa mgeni asiyemjua. Abdulghafur alisema ni yake, anaijua kwa mlio wake. Husseini akasema baiskeli zote hulia. Ikabidi waapishwe wote wawili, na mwisho Husseini, aliyekuwa hana hatia hata chembe, akaikabidhi kwa hiari yake mbele za watu huku machozi yakimlengalenga, maana aliona bora akose kitu kuliko kulala na jina la mwizi. Watu waliorudi Lamu na habari hiyo hawakuisimulia kwa kicheko. Mtu mwema ameshikishwa msahafu kwa sababu ya chuma kisichokuwa na jina.

Hapo ndipo wazee wa mji walipokata shauri kwamba kila baiskeli ichongwe jina la mwenyewe, lichongwe kwenye chuma chenyewe, si kupakwa rangi inayofutika. Fundi wa kuchonga akajulikana bila kutajwa. Na kwa kuwa Kamaludin alikuwa na ulimi mwepesi kama mkono wake, wakamtwika na kazi ya pili, azunguke awaambie watu.

Alizunguka kweli. Alisema barazani, alisema kwenye maulidi, alisema harusini mpaka wenye harusi wakamwomba anyamaze waimbe. Akavuka kwenda Siyu, akapita njia ya mashamba hadi Mbwajumali, ambako hapakuwa na baiskeli hata moja, lakini mwizi huuza mahali pasipojulikana kitu. "Punda ana alama shikioni," akiwaambia. "Mashua ina ina lake. Kuku wa Bi Ummu ana uzi mwekundu guuni. Baiskeli peke yake yatembea kama mtu asiye na kwao! Mtu akikuletea, ipindue kwanda, uisome tini. Ukikosa ina, mwambie nenda zako, siitaki." Watu wakicheka, au wakiteka kama wasemavyo wenyewe, lakini wakishika. Tangu lini mtu akawauzia Waamu na Wapate maneno yaliyochangamka wakayakataa?

Basi asubuhi moja akaja Obeid bin Yunusi.

Obeid alikuwa mtu wa Mbwajumali aliyehamia Wiyoni, nje kidogo ya mji, na mkewe alikuwa amefariki akamwachia binti mmoja, Hadia. Mtoto huyo alipata homa kali akiwa mdogo, ikaondoka na nguvu za miguu yake. Aliweza kukaa, aliweza kucheka, aliweza kumjibu mtu mzima mpaka mtu mzima akatafuta pa kutazama. Kutembea ndiko hakuweza. Obeid alikuwa mchukuzi, na mwaka uliopita alimbebea vyombo Mzungu mmoja aliyekuja kupima ardhi. Mzungu aliposafiri akamwachia baiskeli yake, hana haja nayo tena. Tangu siku hiyo Obeid akawa akimweka Hadia juu ya kiti cha baiskeli, amemfunga kiunoni kwa leso, na kumsukuma kutoka Wiyoni kwenye mchanga, kupita mji mzima, mpaka chuo cha Kurani cha Maalim Jeilani huko Langoni. Yeye mwenyewe hakuipanda hata siku moja. Hakujua, na wala hakutaka kujua.

"Nitiya ina langu, Bwana Kamaludin," alisema akiwa amesimama nje, hakuingia mpaka aitwe. "Mtu kama mimi akiwa na kitu kama hiki, watu watauliza alikipata wapi. Na mimi sina karatasi."

"Iwate hapa hata alasiri," Kamaludin akamjibu, akaipokea.

Aliipindua, akasugua chuma kwa majivu, akaandika kwa wino kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake: Obeid bin Yunusi, Wiyoni. Likatoka zuri. Lakini jina lilikuwa fupi na bomba la chini lilikuwa refu, ikabaki nafasi upande wa kulia, kabla ya jina, na nafasi tupu ilikuwa ikimwasha Kamaludin kama upupu. Akafikiri cha kuandika. Akakumbuka vitabu vya babu yake, kila baada ya karatasi kadhaa limeandikwa juu neno moja, wakfu, maana yake kitabu hiki kimetolewa kwa ajili ya Mungu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakina mtu. Na katika miaka yote hiyo, vitabu hivyo vimeazimwa, vimesahauliwa, vimenyeshewa mvua, lakini havikuibwa. Nani angethubutu?

Akatabasamu peke yake. Hilo ndilo kufuli! Mwizi ataipindua asome jina la mchukuzi wa Wiyoni, acheke aende nayo. Lakini asome wakfu, ataiacha palepale. Akachora waw, akaizungusha kafu, akaivuta fa ikatoka na mkia wa kupendeza, na kabla hajajiuliza mara ya pili akashika nyundo. Ndivyo alivyokuwa. Mkono wake ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Obeid aliporudi, Kamaludin hakumwambia. Alikusudia kumwambia siku nyingine, kama mtu anayeweka kichekesho chake kwa wakati mzuri. Na liko jambo la pili, ambalo alilikiri kwa nafsi yake baadaye sana na kwa uchungu: alidhani Obeid hawezi kusoma khati ile. Mtu wa shamba Mbwajumali, alisema moyoni, atajua Kurani yake aliyohifadhi kwa mdomo, ataitambulia wapi herufi iliyosukwa namna hii? Obeid aliinama akatazama, akapitisha kidole taratibu kwenye maandishi. Kisha akasema, "Mkono wako ni mzuri, Bwana," akaondoka na baiskeli yake.

Haukupita mwezi, baiskeli ikaibwa. Obeid alikuwa pwani akipakua magunia, ameiegemeza penye ghala, na baharia mmoja mpita njia akaiburura mpaka nyuma ya mji, akaipindua atazame kama ina jina, maana maneno ya Kamaludin yalikuwa yamefika hata kwa wezi. Alasiri watu wakiwa ndio wanatoka kusali, wakamwona baharia anakuja mbio anaisukuma, jasho linamtoka kama aliyefukuzwa. Akaisimamisha mbele ya Maalim Jeilani, aliyekuwa imamu wa msikiti wa Langoni na mwalimu wa chuo.

"Nimeiokota, Maalim," akasema. "Ni kitu cha Mungu, siitaki, itwaeni."

Kamaludin alikuwa mlangoni anavaa makubadhi, na jambo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa furaha. Imefanya kazi! Alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme, tazameni, ni mimi. Lakini Maalim Jeilani aliinama na kusoma kwa sauti yake ya chuoni, iliyofika mpaka ng'ambo ya kisima: "Wakfu. Obeid bin Yunusi, Wiyoni."

Watu wakasogea kuisoma. Kisha mmoja akasema mashallah, na wa pili, na mara baraza zima likawa mashallah. Obeid huyu? Mchukuzi? Ana kitu kimoja tu duniani na amekitoa kwa ajili ya Mungu, tena kwa siri, akaandika chini pasipoonekana! Wenye majumba ya ghorofa walitazamana. Na Obeid akatokea pwani wakati huohuo, anatweta, kaambiwa baiskeli imeonekana, na kabla hajasema lolote watu wanamshika mkono, wanambusu bega, na Maalim anamwambia mbele ya wote, "Mungu akutakabalie, Bwana Obeid. Umetufundisha siswi tusomeshao."

Obeid alitazama baiskeli. Kisha akainua macho akamtazama Kamaludin.

Sasa hapo, kwa sentensi moja tu, jambo lingekwisha. Ni mimi niliyeongeza neno, yeye hakuniambia. Kitu hakiwi wakfu mpaka mwenyewe mwenye mali akitoe kwa nia na kauli yake, mtoto wa chuo anajua. Baiskeli ingerudi kwa Obeid palepale. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na ya pili nyuma yake: niliandika jina la mali ya Mungu kwa ujanja, kama kufuli la kuchezea wezi. Na ya tatu: mimi, niliyezunguka nchi nzima nikiwaambia alama ni amana, nilichonga uongo. Kamaludin alizisikia zote tatu zikipangana kooni. Akajitia kutafuta kubadhi la pili, ambalo alikuwa amekwisha kulivaa.

"Alhamdulillahi," alisema Obeid. Akarudi pwani kwenye magunia yake.

Maalim akaamua baiskeli ikae ukutani pa msikiti, mwenye haja aichukue. Siku za kwanza kila mtu aliiogopa. Kisha akaja wa kwanza kupeleka dawa Matondoni, wa pili kupeleka habari ya msiba, wa tatu kupeleka madafu, na wa nne hakuwa na haja yoyote ila kujifunza kuipanda, akaipanda mpaka ndani ya duka la mchele. Ikarudi gurudumu la mbele limepinda. "Ya Mungu hii," walikuwa wakisema wakiitwaa alfajiri, na Mungu ndiye aliyebaki kusingiziwa madafu. Walimwambia Obeid, na wewe una haki kama wengine, ichukue. Akasema inshallah. Lakini kila asubuhi alipofika baiskeli ilikuwa imekwisha kuondoka, na mtu aliyesifiwa kwa kutoa hawezi kusimama ukutani akingoja kugombea.

Basi akawa anambeba Hadia mgongoni.

Duka la Kamaludin lilikuwa kwenye njia hiyo ya chuoni. Kila asubuhi, jua likiwa halijapanda, alisikia kwanza kikohozi cha Obeid, kisha salamu. Obeid hakupita hata siku moja bila kusalimu. Na mtoto juu ya mgongo naye akisalimu, "Sabalheri, ami Kamaludin!" huku miguu yake miembamba ikining'inia na kugongagonga magoti ya babake. Kamaludin akijibu bila kuinua kichwa. Akajizoeza kuwa na kazi ya kuinamia saa hiyo, na kama haikuwepo, aliipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Wakishapita alijiambia, leo alasiri nitasema. Alasiri ikifika alikuwa na sababu.

Lililomkera zaidi ni kwamba kazi yake ilistawi. Tangu siku ya baharia, hapakuibwa tena baiskeli Lamu. Abdulghafur, karani, alikuja na yake ichongwe upya, akamkonyeza. "Na mimi nitiya lile neno," akasema akicheka, "lakini kwa wino, nipate kulifuta nikitaka kuiuza." Akatania tu, masikini, hakujua alichokigusa. Kamaludin akaiacha kalamu ya chuma ikamteleza ikamkata kidole, na Abdulghafur akashangaa fundi mzima kujikata kama mwanagenzi.

Wazee wakamtuma tena Pate. Mbwajumali walimpokea kwa shangwe, maana kijiji kilikuwa kimesikia habari ya mtu wao. Kulthum, dada mkubwa wa Obeid, mwanamke mkavu aliyelima peke yake tangu ujane wake, akamjia mbele ya watu na mkeka mpya aliousuka mwenyewe.

"Wewe ndiwe uliyeandika lile neno la ndugu yangu," akamwambia. "Siswi hatuna kitu, Bwana. Babetu alikufa hatuna hata msahafu wa kuweka msikitini. Na yeo ina la Obeid lasomwa msikiti wa Lamu. Tukua mkeka hunu, uusalie."

Kamaludin aliupokea. Angefanya nini? Aliukunja, akaubeba kwapani, na alipofika nyumbani akausimamisha nyuma ya mlango na hakuusalia. Kusali juu yake hakuweza, na kuutoa nje pia hakuweza. Swafiya aliuona siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne, mchana, wakiwa wanakula, akamuuliza mkeka ule una nini hata ukasimamishwa kama mtu aliyeadhibiwa chuoni.

Akamwambia. Alimwambia yote, tangu nafasi tupu upande wa kulia mpaka kubadhi alilolitafuta likiwa guuni. Alisema akiwa ametazama sahani, na alipomaliza alitarajia, kwa siri, aambiwe kwamba si jambo kubwa, watu wamefaidika, dawa imefika Matondoni. Mara nyingi mtu akikiri kwa mkewe huwa anatafuta mlango wa uani.

Swafiya alinawa mikono kwanza. "Waniambia mimi kwani?" akasema. "Mimi sikuibiwa kitu. Umezunguka nti nzima kuwaonya watu na mwizi, na tangu hapo baiskeli iliyoibwa Lamu isirudi kwa mwenyewe ni moya tu, na aliyeiiba hakuipanda hata kuipanda. Nenda ukaseme." Akaondoa sahani ya mumewe, ingawa alikuwa hajashiba.

Hata hivyo hakwenda siku hiyo. Haya ni mambo ya kuyasema kama yalivyokuwa. Ilimchukua mpaka mvua za masika, njia ya Wiyoni ilipogeuka utelezi mtupu. Asubuhi moja hakusikia kikohozi wala salamu, na ya pili vilevile. Siku ya tatu Maalim Jeilani alipita dukani akasema kwa masikitiko kwamba Obeid ameteleza na mtoto mgongoni, mtoto hakuumia sana, alhamdulillahi, lakini goti la Obeid limevimba, na Hadia hatakuja chuo mpaka kiangazi. "Naye alikuwa amebakisha juzuu mbili tu ahitimu," Maalim akasema. "Nimempa ya kujisomea nyumbani, lakini nani atamsikiliza?"

Kamaludin alisimama. Kalamu ikaanguka, hakuiokota. "Maalim," akasema, "yeo baada ya alasiri nina neno." Alilisema upesi, kabla mdomo haujabadili nia.

Alisema msikitini, akiwa amesimama mbele ya watu, mikono imeshika kanzu kama mtoto anayesikilizwa. Hakutia chumvi, hakujipunguzia. Mimi ndiye niliyeliongeza neno. Obeid hakuniagiza, sikumwambia. Nililiandika nimtishe mwizi, na nikaliandika kwa sababu nafasi ilibaki na mkono wangu ukajipenda. Siku ile ya baharia nilikuwa pale mlangoni nikanyamaza. Nimenyamaza miezi saba.

Hakuna aliyepiga kelele, na ingekuwa nafuu wangepiga. Mzee mmoja alivuta kanzu yake kando taratibu, ili isimguse. Abdulghafur, aliyekuwa mwepesi wa mzaha, alitazama mkekani. Mwingine nyuma akasema, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Na yangu je, ameniandikia nini?" Kamaludin akatamani ardhi ipasuke. Yule mtu alikuwa na haki ya kuuliza, na kesho yake watu watatu walileta vitu vyao kwa Maalim visomwe upya.

"Wakfu haufungwi na mkono wa fundi," akasema Maalim Jeilani. "Baiskeli ni ya Obeid, na ilikuwa ya Obeid siku zote. Siswi sote tumepanda mali ya mtu bila idhini yake. Itengeneze, ufute neno, uirudishe wewe mwenyewe. Kisha muombe radhi, maana mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Siku mbili Kamaludin alikuwa akiinyoosha, akiipaka mafuta, akilisaga neno lile kwa tupa. Lilikuwa limechongwa kwa kina, kazi nzuri, likakataa kutoka upesi. Ile fa yenye mkia ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kisha akaisukuma mwenyewe mpaka Wiyoni, mchana kweupe, kupitia mji wote, na watu wakamtazama akipita kama walivyozoea kutazama baiskeli, ila safari hii hawakuwa wakitazama baiskeli.

Obeid alikuwa ameketi kizingitini, goti amelifunga majani. Hadia alikuwa pembeni yake juu ya jamvi, juzuu mapajani. Kamaludin aliisimamisha baiskeli, akatoa salamu, akaanza maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Bwana Obeid, nimekuya kukuomba radhi. Neno lile sikukwambia. Nalidhani..." Hapo akakwama, maana ndipo palipokuwa pachungu. "Nalidhani hutaweza kulisoma."

"Nalilisoma," Obeid akasema.

"Lini?"

"Siku ileile. Dukani mwako." Alisema bila hasira yoyote, na kwa kweli Kamaludin angeipokea hasira kama zawadi. "Babangu alikuwa akiwanakilia watu zuo, misahafu na vitabu vya dua, kwa mkono, Bwana. Khati nimezaliwa nayo. Nalijua ni mzaha wako, nikasema nitakuya siku nyingine, ukiwa peke yako, ulifute. Sikutaka kumwaibisha fundi mbele ya wateja."

"Na msikitini? Mbona hukusema msikitini?"

Obeid aliinyoosha ile miguu yake taratibu, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Ningesema mimi, ungeitwa mtu achezeaye mali ya Mungu. Nani angekupa kazi tena? Ukisema wewe, watakusema mwezi moya, kisha watasema alikiri. Nikaona bora useme mwenyewe. Nikangoja."

Kamaludin alimfikiria mtu huyu akipita dukani kwake kila asubuhi, mzigo mgongoni, akitoa salamu, akimpa nafasi, kila asubuhi, na yeye akipangusa meza. Akaona hata kulia hana haki, akalia.

Hadia alikuwa amemtazama muda wote huo, kidole kikiwa kwenye aya aliyoishia asiipoteze.

"Baba aliniambia utakuya, ami," akasema. "Kila tukipita nikimuuliza, ni yeo? Akisema, labda kesho."